Saa ya Tukio

Hilmar Ndunguru aliletwa chumba cha vigae cha zahanati ya mgodi akiwa ameshikwa makwapa na watu wawili, mweusi wa vumbi la madini ya kinywe toka utosini hadi kwenye soli za viatu, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa saa.

"Saa nne," alisema. "Ilikuwa saa nne. Saa nne asubuhi."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lakini kila mchimbaji wa Litumbati aliifahamu kanuni: ukikutwa na balaa chini, tazama saa kabla ya kitu kingine, kwa maana ukifika juu Mama Vigae atakuuliza saa kabla hata ya jina.

Mama Vigae ni jina walilompa Osmunda Kapinga, mhudumu wa chumba hicho. Hakuwa na mtoto, na mwanzoni jina hilo lilimchoma. Baada ya miaka sita ya kazi alikuwa amelizoea. Alimkalisha Hilmar, akamfuta macho kwa kitambaa chenye maji, akawasha kishikwambi. Kioo kikaandika kwa Kiswahili safi: Jina. Umri. Saa ya tukio. Osmunda akaandika Hilmar Ndunguru. Akaandika 34. Akaandika 4.

"Na Bosco?" aliwauliza wale wawili kwa sauti ya chini.

Mmoja wao akatikisa kichwa. Bosco alikuwa mdogo wake Hilmar, tumbo moja. Kila siku walishuka pamoja na kupanda pamoja.

Taa ndogo ukingoni mwa kishikwambi ikawaka zambarau. Siku zote huwaka kijani. Osmunda aliiona, na kitu ndani yake kikamwambia asubiri kidogo. Lakini mbele yake alikuwapo mtu anayetetemeka hadi kiti kinalia, na yeye kwa miaka sita hakuwahi kukiona kishikwambi kikikosea. Akawaomba wale wawili watoke. Akafunga mlango.

"Taja picha, Hilmar. Mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho. Halafu tutacheza."

Hilo nalo ni kanuni. Picha ya balaa iliyobaki kichwani, ikiwa haijatajwa, mchezo hauwezi kuigusa. Mwenye picha huitaja kwa mdomo mbele ya mhudumu, hakuna kalamu, hakuna kinasa sauti, na mhudumu ameapa kwamba yanayotajwa humo hayatoki.

"Nguzo ilimshukia Bosco kwenye paja," alisema Hilmar. "Haikumuua. Alikuwa anaongea, ananitania, ananiambia kaka leo utanibeba mgongoni kama mtoto. Kisha hewa ikaharibika. Kopo langu la hewa lilikuwa limepasuka. Lake lilikuwa zima. Alinipa mwenyewe, dada Osmunda. Sikumnyang'anya. Akasema pumzi kumi wewe, pumzi kumi mimi. Taa zimezimika, na ukishavaa kinyago huwezi kuongea, basi tukawa tunahesabiana kwa kidole. Ananigonga hapa, kwenye mkono. Akifika kumi nampa. Mimi namgonga kumi, ananipa. Tulienda hivyo. Sijui mara ngapi."

Akajifuta vumbi mdomoni. Osmunda hakumharakisha.

"Halafu ikafika zamu yake. Akagonga kumi, na mimi sikumpa. Akasema, 'Kaka, zamu yangu.' Hakukasirika. Alisema vile alivyokuwa anasema tukiwa wadogo. 'Kaka, zamu yangu.' Mimi nikasema moyoni nitampa pumzi hii ikiisha. Ikaisha, nikavuta nyingine. Akaanza kugonga tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita."

"Kisha?"

"Hakufika saba. Waokoaji walitokea baada ya hapo. Dakika chache, dada. Chache tu."

Osmunda akamvalisha miwani ya mchezo, akamwekea mikono kwenye vishikio. Vigae vikaanza kushuka, vyekundu, vya bluu, vya njano, vikitoa mlio mdogo kila kimoja kilipotua: tak, tak, tak. Mwanzoni mikono ya Hilmar ilikuwa kama ya mtu mwingine. Baadaye ikapata kazi yake. Kwa kawaida mchezo huchukua dakika ishirini. Siku hiyo ulichukua saa moja na nusu, na ulipokwisha Hilmar alivua miwani mwenyewe, akajinyoosha, akauliza kama kuna chai.

*

Siku ya tatu, baada ya mazishi, mama yao alikuja zahanati ya mgodi kwa miguu. Watu walimwita Mama Hilmar. Alikuwa amejifunga kaniki, na alisimama mlangoni mwa chumba cha vigae bila kuingia.

"Shikamoo, mama," alisema Osmunda. "Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kuuliza kitu kimoja niondoke. Wewe ndiye uliyekaa na Hilmar wa kwanza alipotolewa. Alikuambia neno?"

Osmunda alilijua neno alilouliziwa. Wachimbaji wa Litumbati wana desturi yao, haikuandikwa popote lakini ina nguvu kuliko zilizoandikwa. Mtu akifa chini, aliyekuwa karibu naye hulipokea neno lake la mwisho, hulibeba, na siku ya saba, siku ya kuanua tanga, hulitoa mbele ya ndugu. Linaweza kuwa jina la mtoto, linaweza kuwa tusi. Hutolewa lilivyo. Na aliyekuwa karibu na mfu kisha akaja bila neno, maana yake hakuwa karibu. Alikimbia.

"Mama, yanayotajwa humu ndani..."

"Najua hayatoki. Sijakuuliza neno lenyewe. Nimekuuliza kama lipo."

Osmunda hakujibu. Mama Hilmar alimtazama, na kwa watu wazima kutojibu ni jibu.

"Lipo," alisema yule mama. "Basi mbona mwanangu analijibu swali langu kwa kunitolea macho? Namuuliza, Hilmar, mdogo wako alisema nini? Ananiambia, mama, sikumbuki. Namuuliza, ulikuwa naye? Ananiambia, nadhani nilikuwa naye. Nadhani! Kama anaulizwa alikoacha jembe." Akashika mwimo wa mlango. "Pale chumba cha taa za kofia wamempa jina, Bubu. Juzi Castor Mbele kamwambia mbele ya watu, 'Bubu, siku nikishuka na wewe nitaandika barua kabisa niache nyumbani.' Watu wakacheka. Unajua kilichoniuma? Na yeye alicheka."

"Pole, mama."

"Nina mmoja kaburini, na huyu mwingine anakula ugali wangu kama mgeni wa harusi. Analala vizuri. Ndoto hakuna. Ila anagonga-gonga. Akikaa mezani, kidole hiki, tak tak tak, halafu kinanyamaza. Nimemwambia aache. Ananiuliza, niache nini?"

Alipoondoka, Osmunda alifunga mlango na kufungua kumbukumbu za kishikwambi. Mchezo una mikondo miwili, mfupi na mrefu, na mkondo mfupi hautoi neno kinywani mwa mtu. Alifundishwa hayo na alikuwa ameyaona mwenyewe kwa mamia ya watu. Picha ya balaa ni kama saruji: kwa saa sita za kwanza ni mbichi. Sehemu ya akili inayotunza picha ndiyo hiyo hiyo inayogeuza vigae na kuvipanga, na haiwezi kuzifanya kazi zote mbili kwa ukamilifu. Mtu akicheza ndani ya saa sita, picha hukauka ikiwa dhaifu. Haitamrukia mezani wala usingizini. Lakini mwenyewe akiitafuta, ataikuta mahali pake, na neno ndani yake.

Zikipita saa sita, saruji imeshika. Hapo ndipo kishikwambi huwasha taa ya zambarau na kuchagua mkondo mrefu. Mkondo mrefu hudhoofisha picha kwa kuivunja na kuing'oa, pamoja na chochote kilichoshikamana nayo.

Osmunda akasoma. Ndunguru, Hilmar. Saa ya tukio: 04:00. Saa ya kuanza: 12:05. Muda uliopita: saa 8. Mkondo: mrefu.

Aliyasoma mara tatu. Hilmar alitolewa chini saa sita mchana. Tukio lilikuwa saa nne asubuhi. Saa mbili tu zilikuwa zimepita, na saruji ilikuwa bado maji.

Kwa miaka sita kile kishikwambi kilizungumza Kiingereza, na kwa miaka sita, mchimbaji akisema saa nne, Osmunda aliigeuza kichwani kuwa kumi kabla ya kuiandika, kama kila mtu afanyavyo na saa za Kizungu. Mwezi uliopita walikuja vijana wa kampuni wakakiwekea Kiswahili. Yeye mwenyewe alipiga makofi siku hiyo. Kioo kilipomuuliza Saa ya tukio kwa lugha ya mama yake, mkono wake uliandika kama mama yake anavyosema. Waliobadilisha maneno hawakubadilisha saa.

*

Daktari Hyera alikuwa mtu mzuri, na miezi minane tu ilimtenga na kustaafu. Alisikiliza yote, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Wangapi?" aliuliza.

"Nimepitia mwezi mzima. Wengine wote walikuwa na majeraha madogo, hawakuandikiwa mchezo. Ni yeye tu."

"Kanuni unaijua."

"Naijua. Nimwambie kosa, na akitaka arudishiwe."

Kurudishiwa kunawezekana. Kishikwambi hutunza alama za mchezo wa kila mtu kwa siku saba, namna macho yake yalivyokwenda na mikono ilivyosita, na kwa alama hizo picha inaweza kujengwa tena kichwani mwa mwenyewe. Baada ya siku saba alama hujifuta. Lakini picha iliyorudishwa hukauka palepale, ngumu kama jiwe la kusagia, na hakuna mchezo wala dawa itakayoigusa tena hadi kufa.

"Umesikia alichotaja," alisema daktari. "Usiniambie. Nijibu tu: ni picha ya kumrudishia mtu?"

"Ni yake, daktari."

"Sijauliza ni ya nani."

Osmunda alitazama mikono yake. "Ningekuwa mimi, singeitaka."

"Basi mwache alale. Nimeona wachimbaji wanne wakijinyonga kabla ya hivi vigae kuja, Osmunda. Wanne. Wote walikuwa wanakumbuka vizuri sana." Akavaa miwani yake. "Rekebisho linahitaji sahihi mbili, ya mhudumu na ya mwenye picha. Yangu haihitajiki. Namshukuru Mungu haihitajiki."

*

Siku ya sita mchana Osmunda alimkuta Hilmar nyuma ya chumba cha taa, anaosha taa za kofia kwenye karai. Walikuwa wamempa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyekubali kushuka naye. Alikuwa amenyoa. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyetoka likizo.

"Mama Vigae! Umekuja kunikagua? Nimepona, mwambie daktari. Hawa mabwana wananiogopa kama nina ukoma."

"Sogea nikae."

Alisogea. Osmunda alikaa kwenye kreti iliyopinduliwa, akamweleza. Alimweleza habari ya saa nne na kumi, habari ya mikondo miwili, habari ya siku saba, na kwamba kesho saa sita mchana mlango utafungwa. Hakujitetea. Hilmar alisikiliza akiwa ameshika taa moja, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Kwa hiyo neno la Bosco nilikuwa nalo," alisema.

"Ulikuwa nalo."

"Nikaja nalo hadi kwako."

"Ndiyo."

"Na wewe ukalichukua." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya kuhama nyumba. "Wanasema nilimkimbia. Nilimkimbia, dada?"

"Hukumkimbia. Ulikuwa naye hadi mwisho. Hilo naweza kukuapia."

Hilmar alishusha pumzi ndefu, akainamisha kichwa. "Basi. Basi hilo tu. Siku sita najiuliza hilo. Usiku sioni kitu, asubuhi najiuliza." Akajifuta uso kwa mkono wenye maji. "Sasa hiyo picha. Ni mbaya?"

"Ni picha ya mdogo wako anakufa."

"Hilo najua. Nauliza, ndani yake kuna ubaya mwingine?"

Osmunda alipima ndiyo na hapana. Akisema ndiyo, amempa nusu ya picha, na nusu angeijaza mwenyewe kwa maisha yake yote. Akisema hapana, amemdanganya mtu kuhusu mali yake. Alikaa na maneno hayo mawili mdomoni, na wakati amekaa nayo aliona mkono wa Hilmar juu ya ukingo wa karai. Kidole cha shahada kilikuwa kinagonga bati. Tak, tak, tak, tak, tak, tak. Kikasimama. Mwenye kidole alikuwa anamtazama yeye usoni, anasubiri jibu, hajui.

"Siwezi kukujibu hilo bila kukurudishia," alisema.

Hilmar alifikiri. Alichovya taa, akaisugua, akaitoa, akakitazama kioo chake.

"Mama ana mimi tu sasa," alisema. "Nikiharibika mimi, amebaki na nani? Lakini nikibaki Bubu, vilevile hana mtu. Wewe umeisikia. Wewe huna ugomvi na mimi wala na Bosco. Basi niamulie. Kama ni kitu mtu anaweza kuishi nacho, nirudishie, nitatia sahihi sasa hivi. Kama sicho, mpe mama neno lake kesho, mimi niache na taa zangu."

"Hilmar, usinitwishe hilo."

"Si mimi niliyeandika nne," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na makali. Kisha akatabasamu, akamrushia tone la maji. "Nenda, Mama Vigae. Kazi inanisubiri."

*

Tanga lilianuliwa nyumbani kwa Mama Hilmar, asubuhi ya siku ya saba. Mikeka ilitandikwa uani, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na wachimbaji wa shimo namba mbili walikuwa wamesimama ukutani na nguo zao za kazi kwa kuwa walipaswa kurudi. Osmunda alikuja na kishikwambi ndani ya mfuko wa kitambaa. Fomu ya rekebisho ilikuwa humo, imejazwa, zimebaki sahihi mbili tu. Hakuwa ameamua. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba akiuona uso wa yule mama atajua.

Baba mdogo wa marehemu, mzee mfupi aliyevaa koti juu ya msuli, alisimama akauliza kama desturi inavyotaka.

"Nani alikuwa na kijana wetu?"

Hilmar akasimama. "Mimi, baba."

"Neno lake?"

Hilmar alitazama chini. Karibu na ukuta Castor Mbele alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua, na mtu mmoja akasema, "Bubu," si kwa sauti, lakini ua ulikuwa kimya mno. Mama Hilmar alifumba macho. Hakuwa analia. Alikuwa kama mtu anayesubiri kupigwa na ameshajua wapi.

Osmunda alimwona mama huyo, na alichokijua ni kwamba haiwezekani kumpa ukweli wote wa mwana mmoja pasipo kumnyang'anya mwingine. Akasimama.

"Neno lipo," alisema. "Hilmar alilipokea akalileta. Mimi ndiye niliyempotezea, kwa kosa la kazi yangu, si kosa lake. Ameniruhusu nilitoe."

"Litoe," alisema mzee.

"Alisema, 'Kaka, zamu yangu.'"

Kisha Mama Hilmar akatoa sauti ambayo wanawake walidhani ni kilio, wakamsogelea wamshike. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yakimshuka, anapiga mapaja yake.

"Simu!" alisema. "Simu ya baba yao! Jamani, Bosco! Walikuwa na simu moja, imepasuka kioo, wanacheza vigae, siku nzima naisikia hiyo, kaka zamu yangu, kaka zamu yangu, hadi nawachapa wote wawili! Mwanangu alikuwa anacheza. Amekufa anacheza na kaka yake."

"Na mimi nilikuwa simpi!" alisema Hilmar, na uso wake wote ulifunguka. "Namwambia subiri, bado kidogo, namalizia hii tu. Bado kidogo, bado kidogo, mpaka alie!"

Watu wakacheka. Ua mzima ukacheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka kama maji yaliyozuiwa. Baba mdogo akajifuta macho kwa ukosi wa koti, akasema, kijana amemwambia kaka yake, leo natangulia mimi, wewe baki, zamu yangu, hilo ni neno la mwanamume. Wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Castor Mbele alitoka ukutani, akapita katikati ya mikeka na viatu vyake vyeusi, akampa Hilmar mkono.

"Kesho tunashuka wote," alisema. "Nilikosa, ndugu yangu. Unipige ukitaka."

"Nitakupiga huko chini," alisema Hilmar, na watu wakacheka tena.

Osmunda alikaa. Kila alichosema kilikuwa kweli, herufi kwa herufi, na hakuwahi katika maisha yake kusema uongo mkubwa kama ule. Alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano na nusu. Upande wa pili wa ua Hilmar alikuwa ameketi kati ya wajomba zake, amepewa kikombe cha togwa, anasimulia habari za ile simu, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti. Alikihesabu kile kidole. Kilifika sita. Hilmar akainua macho, akakutana na ya kwake, akainamisha kichwa kidogo: asante, dada.

Osmunda alikishika kishikwambi kupitia kitambaa cha mfuko, akakaa nacho hivyo. Saa sita kamili na dakika chache kilitetemeka mara moja kwenye kiganja chake. Alama zilikuwa zimejifuta.

*

Msalaba wa zege waliosimamisha kaburini kwa Bosco una maneno mawili chini ya jina lake. Hilmar mwenyewe aliyaandika kwa msumari kabla zege halijakauka. ZAMU YANGU.

Kwa Osmunda picha ilianza kumjia wiki ya pili. Hakuwahi kushuka shimoni katika maisha yake, na hakujua giza la huko likoje, lakini picha ilikuja imekamilika: mkono, vumbi linaloteleza kama mafuta, kidole. Ilimjia anapokatakata mboga. Ilimjia kanisani, padri alipogonga kipaza sauti kuona kama kinafanya kazi. Hakuwa amefundishwa kwamba picha inaweza kuhama. Labda hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza; wahudumu hawahesabiwi kuwa waliona kitu.

Siku moja mchana alifunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wachezaji, akakiwasha kishikwambi. Jina. Aliandika. Umri. Aliandika hamsini na moja. Saa ya tukio. Hapo alikaa sana. Mwishowe akaandika 12:00 na tarehe ya siku Hilmar alipomtajia picha, akageuza saa vizuri kabisa, bila kosa. Taa ikawaka zambarau. Kioo, kikiona mhudumu ndiye mwenye picha, kikamuuliza: Jina la msikilizaji.

Alimfikiria Daktari Hyera, na miezi yake iliyobaki. Alifikiria msichana wanayesema ataletwa kutoka chuoni kujifunza kazi. Alijaribu kuwaza jina la mtu mmoja duniani ambaye angemketisha mbele yake, amtajie toka mwanzo hadi mwisho, kisha ainuke aombe chai. Akazima.

Bomba la maji la kambi liko chini ya ukuta wa chumba cha taa, na asubuhi wanawake hupanga ndoo. Mama Hilmar huwahi kuliko wote. Amevua kaniki, amenenepa kidogo, na amempenda Osmunda kama bintiye. Kila asubuhi humwekea nafasi, na ndoo yake ikijaa huiinua, huisogeza kando, humgeukia kwa uso wenye furaha na kumwambia maneno yao, maneno anayoamini wote wawili wanayaelewa sawa.

"Zamu yako, mwanangu."

Osmunda huweka ndoo yake tupu na kufungua bomba. Asubuhi maji huwa hayana nguvu. Huanza kwa matone, na chini ya ndoo ya bati kila tone linasikika. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Hulifunga hapo.

"Mbona hujajaza?" huuliza Mama Hilmar.

"Inatosha, mama," husema, na huenda zake na ndoo, nyepesi, ikining'inia mkononi.